Figa Lililotoka Baharini

Siku watu wa Vidunda waliposhushwa mlimani kuja kuanzisha kijiji cha ujamaa cha Tuungane, bibi mmoja aliyeitwa Domina alikataa kupanda lori mpaka mafiga yake yapakiwe kwanza. Lori lilikuwa limesheheni watu, mbuzi, vitanda na magunia ya mahindi. Utingo alimtazama bibi, akayatazama mawe.

"Bibi, huko tuendako mawe yamekwisha?"

"Mawe yapo," Domina akajibu. "Lakini hayanijui."

Basi mafiga yakapanda lori, na Selestina, mkwe wake, ndiye aliyeyapakata njia nzima. Yalikuwa matatu. Mawili yalikuwa ya kijivu yenye mistari kama kikoi, na la tatu lilikuwa jeupe, lenye chembe zinazometa kama sukari. Domina aliyaokota mwenyewe zamani, alipoingia kwa mumewe akiwa mwali. Katika ukoo ule nyumba ilikuwa mafiga. Kuta zilibomoka zikajengwa upya, paa lilioza likaezekwa upya, lakini moto ulikaa kati ya mawe yaleyale.

Wenyeji wa bondeni walipoona mawe yakiteremshwa kwenye lori walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwinjuma, aliyekuja kuchaguliwa mwenyekiti wa kijiji, aliwatania tangu siku ile. "Karibuni, wabeba mawe! Mwaka kesho mtuletee na mlima wenyewe, tupate kivuli."

Utani ni utani, hauna kesi. Lakini masika ya kwanza pale bondeni hayakuwa na utani.

Wanakijiji walikuwa wamejenga zahanati ya miti na udongo. Mvua ikanyesha, udongo ukanywa maji, ukuta ukalala chini kama ng'ombe aliyechoka. Mto nao ukafunga njia ya kwenda hospitali, Mikumi. Jirani yake Selestina alishikwa na uchungu siku hiyo. Wakambeba kwa machela hadi ukingoni, wakasimama wakiyatazama maji mekundu yakipita na magogo yake. Mama yule hakurudi, wala mtoto wake. Selestina alikuwa ameshika mguu mmoja wa machela, na uzito wake ulibaki mkononi mwake muda mrefu.

Baada ya hapo neno likaja kutoka wilayani, Kilosa. Mabati ya zahanati yapo, na mganga yupo. Saruji haipo, nchi nzima inaitafuta. Kijiji kitakachosimamisha kuta za mawe zenye chokaa kabla ya mvua za vuli, ndicho kitakachopewa. Vijiji vilivyongoja vilikuwa viwili, Tuungane na Mshikamano, na Mshikamano kilikuwa ng'ambo ya mto.

Kila mtu alilisikia neno hilo kwa sikio lake. Selestina alilisikia kwa sikio la mama. Binti yake wa pekee, Yunis, alikuwa amerudi nyumbani kujifungua mimba yake ya kwanza, na kwa hesabu ya wanawake, siku zake zingetimia mvua ikiwa imeshika. Zahanati ikienda Mshikamano, kati ya Yunis na mganga kungekuwa na yale maji mekundu.

Mume wa Selestina, Paulo, alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa bwawa kule Kidatu, akija nyumbani kwa nadra. Jambo hili lilikuwa la Selestina.

Kazi ya chokaa ilipewa fundi Yeremia. Baba yake alikuja zamani kukata mkonge, naye Yeremia akazaliwa kwenye kambi za mashamba ya Kimamba, akakua, akaenda pwani kujifunza uashi. Huko pwani aliona chokaa ikichomwa. Aliporudi alilisimulia jambo hilo kwa mikono miwili, kama mtu anayesimulia ngoma.

"Unapanga magogo, unapanga mawe meupe juu yake, unawasha. Moto ukishakula ukashiba, jiwe linabaki jepesi kama mkate. Ukilimwagia maji linapiga kelele, linavimba, linatoa moshi, linatokota kama ugali, halafu linakuwa unga. Unga huo ukiuchanganya na mchanga, ukauacha ukauke, unarudi kuwa jiwe. Chokaa ni jiwe lililokwenda safari likarudi."

"Na hayo mawe meupe tunayatoa wapi?" Mwinjuma akamwuliza.

"Mto umejaa mawe meupe, Mwenyekiti. Pwani kila jiwe jeupe ni chokaa."

Hapo ndipo kosa lilipoingia, nalo liliingia kwa nia njema. Kijiji kizima kilishuka mtoni. Wakaokota mawe meupe, mazito, laini kwa kuviringika, mengine yakipitisha mwanga kama kucha. Vijana wakakata magogo. Selestina akapewa kazi ya kupika pombe ya wafanyakazi, kwa hiyo akahamishia mafiga uani na kuchochea moto kuanzia alfajiri hadi jua kuzama, siku kwa siku, kwa magogo ya miombo ya bondeni ambayo huwaka kwa ukali ambao vijiti vya mlimani havikuujua.

Tanuru likawashwa. Likawaka, likazimika, likapoa. Watu wakakusanyika. Yeremia akachukua jiwe kwa koleo, akaliweka chini, akalimwagia maji.

Jiwe likatoa mvuke kidogo, likanyamaza.

Akamwagia jingine. Likapasuka vipande viwili, vyote vigumu kama awali.

"Fundi," Mwinjuma akasema, "umetupikia mawe. Sasa onja, utuambie kama chumvi imekolea."

Watu wakacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Yeremia hakucheka. Alisema huenda moto ulikuwa mdogo. Wakakata magogo mengine, wakachoma mara ya pili, moto mkubwa kuliko wa kwanza. Mawe yakatoka meusi kwa masizi, na bado yalikuwa mawe. Safari hii hata Mwinjuma hakutania.

Jioni ileile, uani kwa Selestina, figa jeupe lilipasuka. Kipande kikubwa kilidondoka majivuni na chungu kikaegama, pombe ikamwagika. Selestina alipokiokota kile kipande asubuhi, kikiwa kimepoa, alishangaa. Kilikuwa chepesi. Upande uliotazama moto ulikuwa umefifia, hauna tena ile sukari yake, na ulichubuka kwa kucha.

Domina alisimama mlangoni, mkono kinywani.

"Usimwite Yunis," akasema kwa sauti ya chini. "Asione. Figa halipasuki bure. Tangu nimeolewa halijapasuka, limepasuka sasa, na mtoto ana tumbo. Kusanya vipande vyote kwenye ungo, ukavitupe mtoni kabla jua halijapanda."

"Nimesikia, mama."

Selestina akakusanya. Hakuwa mtu wa kubishana na mama mkwe. Hata hivyo hakuwa na haraka pia. Alikuwa na tabia ya kuliacha jambo likae kidogo mkononi kabla ya kulitupa. Akauweka ule ungo kando, akasuuza kibuyu, na maji ya kibuyu akayamwaga pale pale alipozoea kuyamwaga. Baadhi yakaangukia kile kipande.

Kikapiga kelele.

Ilikuwa sauti nyembamba, kama nyoka chini ya majani. Kisha kikaanza kuvimba. Kikatoa mvuke, kikapasuka nyufa, kikafumuka mbele ya macho yake, na alipokisogezea kidole, joto lilimrudisha nyuma. Mahali palipokuwa na jiwe pakabaki kilima kidogo cha unga mweupe.

Domina akapiga ishara ya msalaba. Selestina alikuwa amechuchumaa, hasogei. Kichwani mwake mikono miwili ya Yeremia ilikuwa ikizunguka: linapiga kelele, linavimba, linatokota kama ugali.

"Mama," akasema, "hii ni chokaa."

"Hiyo ni balaa."

"Fundi alisema hivihivi. Neno kwa neno."

"Selestina!" Domina akamshika bega. "La jikoni halipelekwi barazani. Unataka wale watani wajue kwamba jiko letu limevunjika? Kesho mwanao akipiga chafya tu watasema, si ndio wale? Kautupe mtoni, nimekwambia."

Asubuhi ikapita, Selestina hakwenda mtoni. Alikoka moto kati ya mafiga mawili na tofali la udongo, na chungu kilikaa kwa wasiwasi. Aliwaza juu ya heshima ya mama mkwe wake, ambaye hakuwahi kumnyima kitu. Mkosi nao aliuwaza, maana hakuwa na hakika kwamba haupo. Kisha Yunis akatoka nje, mkono mgongoni, akipiga hatua za mwanamke ambaye tumbo limemzidi. Selestina akahisi tena mguu wa machela mkononi mwake.

Akaufunga ule unga ndani ya jani la mgomba, akaweka kando yake kipande cha figa ambacho hakikuguswa na maji, akaenda.

Yeremia alikuwa ameketi peke yake kwenye ukingo wa tanuru, akichora ardhini kwa kijiti. Mwinjuma alikuwa karibu, pamoja na mwalimu Lupakisyo, kijana kutoka Rungwe aliyefundisha watoto asubuhi na watu wazima alasiri. Selestina mwenyewe alikuwa mwanafunzi wake. Alikuwa ameshafika kusoma magazeti, pole pole.

"Mama Yunis, umetuletea kifungua kinywa?" Mwinjuma akauliza.

"Nimemletea fundi."

Yeremia akafunua jani. Akausugua unga kati ya vidole, akaunusa. Kisha akachukua kile kipande kikavu, akadondoshea maji kutoka kwenye kata, na kikaanza kulia pale pale kiganjani mwake, juu ya jani. Yeremia akakiweka chini haraka, akakikodolea macho kama mtu aliyemwona ndugu yake sokoni baada ya miaka mingi.

"Umelitoa Bagamoyo?"

"Nimelitoa jikoni kwangu."

"Usinitanie, mama. Nimetaniwa vya kutosha wiki hii."

"Ni figa la mama mkwe wangu. Lilitoka Vidunda kwa lori. Ninyi wote mlilicheka."

Mwinjuma akavua kofia yake, akaikung'uta ingawa haikuwa na vumbi. Mwalimu Lupakisyo alikuwa amepiga goti, akilinganisha kipande cha figa na jiwe moja la mtoni lililoshindikana.

"Fundi, haya mawe mawili yana rangi moja, lakini si ndugu," akasema. Akatoa kisu mfukoni. Kwenye jiwe la mtoni kisu kiliteleza. Kwenye upande wa figa ambao moto haukuufikia, kiliacha mkwaruzo na vumbi. "Hili la mtoni ni gumu kuliko chuma. Ulichome mpaka Krismasi, litabaki lilivyo. Nilikuwa nayo haya kwenye kitabu, nami nimesimama hapa siku zote hizi nikitazama magogo yakiungua, hayakunijia kabisa."

"Na mimi niliamini kila cheupe ni chokaa," Yeremia akasema. "Pwani hatuna jeupe jingine. Basi, Mwalimu, tuko wawili. Mama Yunis, hili liliokotwa wapi?"

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyejua.

Walikwenda wote wanne. Yeremia alipiga hodi, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Domina hakuinuka. "Mmekuja kulicheka jiko langu?"

"Nimekuja kuliomba. Nimechoma mawe mara mbili nimeaibika. Jiko lako limechoma mara moja, limefaulu."

"Jiko langu limevunjika."

"Limevunjika, mama. Chokaa haipatikani bila jiwe kuvunjika."

Domina akamtupia Selestina jicho ambalo mkwe mwingine angelikumbuka mpaka kaburini. Pengine jambo lingeishia hapo. Lakini Yunis alikuwa nyuma ya mlango, na hakuna mlango wa matete unaozuia maneno.

"Bibi," akasema akitoka, "mmenificha figa asubuhi nzima, mmedhani sikusikia likipasuka? Mimi siliogopi figa. Ninauogopa mto. Yule mama wa masika hakuvunjikiwa figa. Mafiga yake yapo mpaka leo, yote matatu, na nyumba haina mtu wa kupika."

Kuku mmoja akapita katikati yao, akichakura.

Domina aliinuka, akajifunga upya kanga yake kiunoni.

"Sitawaeleza," akasema. "Kueleza njia ya mlimani ni kupoteza watu. Nitawapeleka."

Waliondoka kesho yake kabla ya joto. Selestina alikuwa na ndimu kwenye kikapu, kwa maagizo ya mwalimu. Mwalimu alisema jiwe la chokaa likikwaruzwa na kudondoshewa ndimu, hutoa mapovu. Domina alitangulia na fimbo yake. Aliposhushwa mlimani alikaa juu ya lori akitazama nyuma. Sasa alipanda akitazama mbele, na wanaume waliomfuata walihema.

Walipofika kijitoni chini ya kijiji chao cha zamani, Domina akanyoosha fimbo. "Hapa. Nilikuwa nimesimama kwenye lile jiwe kubwa, nikaliona linametameta majini."

Wakaanza kupima. Selestina aliokota jiwe jeupe, Lupakisyo akalikwaruza, Yeremia akakamua ndimu. Hakuna kitu. Jingine, hakuna. Kisha kijiwe kidogo, ukubwa wa yai, kikatoa mapovu madogomadogo kama togwa iliyoanza kuchachuka.

"Hiki hapa!" Yeremia akapiga kelele. Kisha sauti ikamshuka. "Kimoja. Tunahitaji lori zima."

"Maji yamekileta," Selestina akasema. "Hakikuzaliwa hapa."

Wakaufuata mto kwenda juu. Selestina ndiye aliyeligundua jambo la kwanza: kadiri walivyopanda, yale mawe ya mapovu yalizidi kuwa makubwa. Baadaye aliona jingine. Chini yalikuwa ya mviringo, huku juu yalikuwa na pembe, kama mtoto ambaye dunia haijamsugua bado. Wakapanda, wakipima na kuhesabu kwa macho, mpaka wakafika mahali ambapo hawakuona hata moja. Mawe yote yalikuwa ya mistari. Yeremia akaketi, akajifuta jasho.

"Yamekwisha."

"La," Selestina akasema pole pole. "Tumelipita. Mama yao yuko chini yetu, kati ya hapa na pale tulipookota la mwisho."

Wakashuka nyuma, safari hii wakitazama kingo badala ya maji. Domina ndiye aliyeingiza fimbo kwenye pazia la mizizi na majani ya migomba pori, na fimbo ikagonga. Akavuta. Majani yakaanguka.

Nyuma yake kulikuwa na ukuta mweupe.

Ulisimama wima, upana wa nyumba, ukiwa umebanwa pande zote mbili na mawe ya mistari, kama mnofu ndani ya mkate. Ulipanda kingo za mto upande huu na upande ule, ukaingia ndani ya mlima. Jua lilipoupiga, ulimetameta kama sukari. Yeremia hakutumia hata ndimu. Aliuegemeza uso wake juu yake, akacheka, akapiga vigelegele kama mwanamke, na Domina, ambaye alikuwa amenuna tangu jana, akavijibu.

"Marumaru," akasema Lupakisyo. "Chokaa iliyopikwa."

"Imepikwa na nani?" Domina akauliza.

Mwalimu akaketi kwenye jiwe. Alikuwa na desturi nzuri ya kutoeleza jambo mpaka amelipanga kichwani.

"Fundi, zile chokaa za pwani mlichoma nini?"

"Matumbawe. Majumba ya wadudu wa baharini."

"Basi na hili lilianza hivyo. Lilikuwa tope la bahari, tope la chokaa, limelala sakafuni mwa maji, tambarare kama mkeka. Juu yake likaja tope jingine, na jingine, na mchanga. Likazikwa chini sana. Huko chini kuna joto na uzito. Tope likapikwa, likawa hili. Na matope mengine yakawa haya ya mistari. Ile mistari ni matabaka yaliyofinyangwa."

"Bahari," Domina akasema. "Hapa Vidunda."

"Zamani kabla ya mtu, mama. Kabla ya mlima."

"Na lilipandaje? Lori?"

Wote wakacheka, na mwalimu pia.

"Ardhi inasukumwa kutoka chini. Inajikunja, inapasuka, upande mmoja unainuka na mwingine unazama. Mlima huu umeinuka, bonde letu lile limezama. Kidogo kidogo sana, hata huwezi kuona. Lakini zile siku vyombo vinapotikisika rafuni mnasema nini?"

"Tetemeko."

"Ni mlima unajinyoosha mgongo. Na kule kuinuka ndiko kulikoukunja ule mkeka ukasimama wima. Mlima unapoinuka, mvua inaumega. Mto unachukua vipande, unavisaga, unavishusha bondeni. Bonde linazama, linapokea. Siku moja tope la Tuungane nalo litazikwa, litapikwa, litakuwa jiwe, litainuliwa. Mlima usingeinuka, mvua ingekuwa imekwisha kuusawazisha zamani, na jiwe hili lingebaki chini huko lisikojulikana na mtu."

Selestina alikuwa ameweka kiganja juu ya ukuta. Ulikuwa wa baridi. Alitazama chini, kupitia uwazi wa miti, na mbali sana aliliona bonde, limelala na moshi wake mwembamba. Tangu waondoke huku alikuwa akiliita bonde lile ugenini. Sasa aliona kwamba udongo anaoulima kule ulitoka hapa, punje kwa punje, ukashuka kwa mto huuhuu.

"Kumbe mlima ulishahamia Tuungane kabla yetu," akasema.

"Na haukungoja lori," Domina akaongeza.

Kijiji kizima kilipanda. Wanaume waligonga kwa nyundo na mitaimbo ya chuma, wanawake na vijana wakapanga msururu kutoka kwenye ukuta mpaka njiani, kikapu kikipita mkono kwa mkono. Walioshuka walibeba kichwani. Mwinjuma naye alibeba, kofia yake ikiwa ngata chini ya jiwe, na watu wa Vidunda hawakumwachia.

"Angalia, Mwenyekiti! Huyo mbeba mawe ni nani?"

"Bibi Domina, nimesilimu!" akajibu akiyumba. "Nipeni na jina la kwenu kabisa."

Mwanamke mmoja akaanzisha wimbo papo hapo njiani, na wote wakauitikia mpaka bondeni: mara ya kwanza tuliteremshwa, mara hii tumeteremsha.

Tanuru la tatu likawashwa. Yeremia hakuondoka kando yake. Lilipopoa, watu walikuja wengi kuliko mara zile mbili, lakini walisimama mbali, kama watu waliokwisha kuumwa na nyoka wanavyosimama mbali na ung'ongo. Shimo lilikuwa tayari. Yeremia akatia mawe shimoni, akachukua ndoo ya maji, akaitazama. Kisha akampa Selestina.

"Wewe ndiye uliyelisikia kwanza."

Selestina akamwaga.

Kwa muda mfupi hakukuwa na kitu. Halafu shimo likaanza kunong'ona. Likanguruma. Mawe yakavimba, yakapasuka, yakageuka, mvuke ukapanda mweupe juu ya vichwa, na tope zito jeupe likaanza kutokota, pwoo, pwoo, kama ugali wa harusi. Watoto wakakimbia, wakarudi. Mwinjuma alikuwa akipiga kelele kitu ambacho hakuna aliyekisikia kwa vigelegele. Yeremia alisimama akilia bila kujificha, uso wote umejaa vumbi jeupe, machozi yakichora mistari, na yeye mwenyewe akafanana na jiwe la Vidunda.

Kuta zilipanda. Mawe meupe magumu ya mtoni, yale yaliyokataa tanuru, yaliingia ukutani pamoja na ya mistari, kwa sababu jiwe linaloshinda moto ni jiwe jema la msingi. Chokaa ikayashika. Siku kwa siku ilivuta hewa, ikakaza, ikarudi kuwa jiwe, kama Yeremia alivyosema. Mabati yalipigwa misumari mawingu yakiwa tayari yamekaa juu ya mlima. Mganga alifika na sanduku lake na baiskeli, akazunguka jengo mara moja, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole.

"Saruji mliipata wapi?"

"Tumeipata jikoni," akasema Mwinjuma, na hakueleza zaidi.

Mvua ilipokuja ilikuja kwa nguvu. Mto ukajaa, ukawa mwekundu, njia ya Mikumi ikafungwa kama wakati wa masika. Yunis akashikwa na uchungu asubuhi ya tatu ya mvua. Selestina hakutafuta machela. Alimshika mkono, wakatembea, mama na binti, chini ya mwavuli mmoja, wakisimama kila uchungu ulipokuja, wakiendelea ulipopita. Maji ya mvua yalipiga kuta nyeupe, yakateremka, yakadondoka chini yakiwa safi.

Yunis alijifungua kabla ya adhuhuri, mtoto wa kike, mwenye sauti. Mganga alisema kwamba damu ilikuwa nyingi kidogo, na kama wangechelewa lingekuwa jambo jingine. Alisema hivyo akinawa mikono, kwa sauti ya kawaida. Selestina alitoka barazani, akaegemea ukuta. Akaunyoosha mkono wake, ule uliokuwa na uzito wa machela, akaukunja, akaukunjua. Ulikuwa mwepesi.

Domina alikuwa amekaa barazani tangu asubuhi, akiwa amelowa. Alipoambiwa, aliinuka, akaweka kiganja ukutani, akakipitisha taratibu kama anayempapasa ng'ombe wake.

"Figa langu," akasema.

Kisha akaondoka kwenye mvua, bila kuaga. Selestina aliporudi nyumbani kuandaa uji wa mzazi, alikuta tofali la udongo limetupwa nje na figa la tatu limekaa mahali pake, limelowa maji ya mto, la kijivu, lenye mistari.

"Hukutafuta jeupe, mama?"

Domina alikuwa amepiga magoti, akipuliza moto. Hakugeuka.

"Jeupe lina kazi nyingine sasa," akasema. "Lete chungu."